Tezi ya shingo ikikimbiza moyo: mwongozo kwa mgonjwa wa Graves aliyeko Kigoma

Aliyeona wa kwanza kwamba naumwa alikuwa mwanafunzi wa darasa la tano. Nilikuwa nafundisha sehemu, nikageuka kutoka ubaoni, akanyoosha mkono: "Mwalimu, mistari yako siku hizi inatetemeka." Nikatazama ubao. Ule mstari unaotenganisha kiasi na asili, ambao kwa miaka kumi na miwili nimeuchora bila rula, ulikuwa na meno kama msumeno.

Kufikia siku hiyo nilikuwa nimeshatibiwa malaria mara mbili na taifodi mara moja, nimeambiwa nina vidonda vya tumbo, na kwenye zahanati moja nimeambiwa nipunguze mawazo. Nilikuwa nakula sahani mbili za ugali wa muhogo kwa migebuka, naamka usiku kutafuta kiporo, na bado nimeshuka kutoka kilo 68 hadi 57. Majirani pale Mwanga walikuwa na jibu lao. Hakuna aliyenitamkia, ila nililisoma kwa namna maongezi yalivyokuwa yakikatika nikipita. Nilipima, sikuwa nalo.

Baadaye tabibu mmoja kijana aliniambia ninyooshe mikono mbele, viganja vitazame chini, akalaza karatasi tupu juu ya vidole vyangu. Karatasi ikawa inacheza yenyewe. Akaweka vidole kwenye shingo yangu, akaniambia nimeze mate, akasikilizia kitu kikipanda na kushuka. Akasema, "Mama, hii si malaria. Hii ni tezi."

Ninachoandika hapa ndicho ambacho ningetaka kuwa nacho mkononi mwaka ule. Mimi ni mwalimu, si daktari, na dozi atakupangia daktari wako. Lakini sehemu kubwa ya ugonjwa huu inaamuliwa nyumbani: nani anahesabu, nani anaandika, nani anajua homa ipi haisubiri kesho.

Hatua ya kwanza: jua ni tezi gani, na inafanywa nini

Hapa kwetu ukisema "tezi" watu wanafikiria tezi dume. Baba mkwe wangu aliuliza kwa huruma kabisa mwanamke anaipataje. Inayozungumzwa hapa ni tezi ya thairoidi, wengine huiita tezi dundumio. Ina umbo la kipepeo, imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Inachukua madini joto kutoka kwenye chakula na kutengeneza homoni mbili, T4 na T3, ambazo huuambia mwili mzima uunguze chakula kwa kasi gani: moyo upige mara ngapi, utumbo usukume haraka kiasi gani, mwili utoe joto kiasi gani.

Tezi haijipangii kazi. Kuna tezi nyingine ndogo chini ya ubongo inayoituma kwa homoni iitwayo TSH. T4 na T3 zikipungua, TSH hupanda. Zikizidi, TSH hushuka.

Kwa mgonjwa wa Graves, kinga ya mwili, ile ile inayopigana na vijidudu, hutengeneza kingamwili zinazokaa mahali pa TSH juu ya tezi na kuisukuma mchana na usiku. Wanafunzi wangu niliwaeleza hivi: chukulia kengele ya shule anaigonga mwalimu wa zamu, halafu mtu asiyejulikana akaja akawa anaigonga kila dakika tano. Mwalimu wa zamu atanyamaza, atakaa ofisini, lakini vipindi vitaendelea kubadilika mpaka watoto wachoke. Ndiyo maana kwenye karatasi ya majibu TSH inaonekana iko chini kabisa, na mgonjwa anashangaa: imeshuka, halafu wanasema tezi inafanya kazi kupita kiasi? Iliyoshuka ni amri. Kazi imepanda.

Jina nalo liliniogopesha. Nilipoliona kwenye karatasi nikakumbuka Kiingereza changu, nikafikiria makaburi. Halina uhusiano wowote na makaburi. Ni jina la Robert Graves, daktari wa Dublin huko Ireland, aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1835. Mwaka 1840 Mjerumani Karl von Basedow naye akaueleza, kwa hiyo ukikuta mahali umeandikwa ugonjwa wa Basedow, ni huu huu.

Hauambukizi. Hautumwi na mtu. Unawapata wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume, hasa kati ya miaka 20 na 50, na hupita kwenye koo za damu: ukiuliza vizuri nyumbani unaweza kukuta shangazi au mama mdogo aliyekuwa na tezi. Kwa wengine hujitokeza ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, au baada ya msukosuko mkubwa wa maisha.

Hatua ya pili: hesabu, uandike

Nunua daftari. La kurasa 40 linatosha kuanza. Hili ndilo jambo lililonisaidia kuliko yote, na halina gharama ya kukushinda.

Alfajiri, kabla hujainuka kitandani, kabla ya chai, kabla hujamuamsha mtoto wa shule, weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Usitumie dole gumba lenyewe kuhesabia, kwa sababu lina mapigo yake na litakuchanganya. Tazama saa ya simu na uhesabu dakika nzima. Wengine huhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Usifanye hivyo, kwa sababu unachotaka kujua ni zaidi ya idadi: unataka kusikia kama yanapiga kwa mpangilio au yanaruka, yanakimbia, yanasita. Andika namba, na pembeni andika "sawa" au "yanaruka".

Mtu mzima aliyepumzika hupiga kati ya 60 na 100 kwa dakika. Ukurasa wangu wa kwanza una 118, 121, 116, 118, zote saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikiwa nimelala chali. Homa ya malaria nayo hukimbiza moyo, lakini homa ikishuka, moyo unashuka. Wa Graves unakimbia wiki baada ya wiki, hata usingizini, hata siku ambayo huna homa. Ukienda kwa daktari ukasema "moyo unaenda mbio," atakusikia. Ukimfungulia ukurasa wenye namba za siku kumi na nne, atainamisha kichwa kusoma.

Pima uzito mara moja kwa wiki, kwenye mizani ile ile, nguo nyepesi. Mimi nilitumia ya kliniki ya watoto kila Jumamosi. Kisha fungua safu nyingine za mambo haya, na uandike kweli tupu:

Choo mara ngapi kwa siku. Wengi hupata haja mara tatu au nne, laini, bila kuwa na ugonjwa wa tumbo.

Usingizi, umelala kwa muda wa saa ngapi. Jasho, na kama unaona joto wakati wenzako wanajifunika. Kigoma kuna joto, ndiyo, lakini mimi nilikuwa nalala sakafuni kwenye saruji mwezi wa Juni, wakati watoto wamejifunika blanketi.

Hedhi. Inaweza kuwa chache, nyepesi, au kuruka miezi.

Mapaja. Kaa kwenye kigoda, kunja mikono kifuani, usimame. Ukishindwa kuinuka bila kushika kitu, andika. Homoni ikizidi hula misuli, na misuli ya mapaja huonyesha mapema. Mimi niligundua nikipanda kutoka Kibirizi na kindoo cha dagaa. Mlima niliouzoea ulinikalisha mara tatu.

Na hasira. Iandike hata kama unaona aibu. Nilimfokea mwanangu wa miaka sita kwa kumwaga chai mpaka akajificha nyuma ya mlango, kisha nikalia mimi. Sikujua kwamba hasira nayo inaweza kutoka kwenye tezi. Mwambie mumeo, dada yako, mwalimu mwenzako mapema, kabla hawajaamua kwamba umebadilika tabia.

Hatua ya tatu: omba vipimo kwa majina yake

Vinavyohitajika ni vya damu: TSH, T4 huru, na T3. Ukienda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, au Kitete kama uko Tabora, uliza mapokezi au maabara mapema kama kipimo kinafanyika hapo siku hiyo au damu inasafirishwa, na majibu yatachukua siku ngapi. Mtu anayetoka Kakonko au Kibondo kwa basi anahitaji kujua hilo kabla ya kulipa nauli, siyo baada. Kama una kadi ya bima, uliza pia kama kipimo kinaingia humo.

Kawaida TSH huwa kati ya 0.4 na 4 hivi, ingawa kila maabara ina mipaka yake iliyoandikwa kando ya jibu. Ya mgonjwa wa Graves mara nyingi huwa chini ya 0.01, yaani imezimika, na T4 na T3 ziko juu. Hayo yanaonyesha kwamba homoni imezidi, lakini bado hayasemi kwa nini. Tezi inaweza kuzidisha homoni kwa sababu ya uvimbe ndani yake, au kuvuja kwa muda baada ya uvimbe wa maambukizi au baada ya kujifungua, na hayo yana matibabu tofauti. Kinachotenganisha ni kipimo cha kingamwili kiitwacho TRAb, na altrasaundi ya shingo. TRAb haipatikani kila mahali. Lakini daktari akiona tezi iliyovimba sawasawa pande zote mbili na macho yaliyotokeza, mara nyingi ana jibu tayari.

Omba pia ECG, kipimo cha umeme wa moyo, hasa kama daftari lako limejaa "yanaruka". Homoni ikizidi kwa muda mrefu inaweza kuvuruga mpangilio wa moyo, damu ikaganda ndani yake, na donge likapanda kwenye ubongo. Kuna watu wanaopata kiharusi na presha ikalaumiwa, kumbe tezi haikuwahi kupimwa.

Jambo moja dogo: vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini vinaweza kupotosha majibu mpaka uonekane una Graves wakati huna. Acha kuvimeza angalau siku mbili kabla ya kutoa damu, na umwambie wa maabara.

Nakala ya kila jibu, gundisha kwenye daftari.

Hatua ya nne: dawa, na ile homa

Dawa kuu ni kabimazoli. Inazuia tezi isitengeneze homoni mpya. Daktari huanza na dozi ya juu, kwa kawaida kati ya miligramu 15 na 40 kwa siku, halafu huishusha kadiri damu inavyotulia mpaka 5 hadi 15.

Usitegemee nafuu kesho. Tezi ina ghala. Homoni iliyokwisha kutengenezwa itaendelea kutoka mpaka iishe, na T4 iliyomo kwenye damu huchukua wiki nzima kupungua nusu yake. Ndiyo maana wiki tatu za kwanza mtu anaona dawa haifanyi kazi na kuanza kusikiliza ushauri wa njiani. Nafuu ya kweli huja kati ya wiki ya nne na ya nane. Ili usiteseke wakati huo, utapewa propranololi, ambayo haigusi ugonjwa wenyewe ila hutuliza moyo na mikono. Kama una pumu, sema kabla hujaandikiwa, kwa sababu inaweza kukubana kifua vibaya. Na usiiache ghafla.

Sasa nisikilize vizuri hapa.

Kwa watu wachache, kati ya 2 na 5 katika kila 1,000, kabimazoli hushusha ghafla chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Mara nyingi hutokea ndani ya miezi mitatu ya kwanza, ingawa inaweza kutokea baadaye. Dalili zake ni homa, koo kuuma, vidonda mdomoni. Kwingine duniani mtu akipata homa anashtuka. Kigoma mtu akipata homa anajua ni malaria, anatuma mtoto duka la dawa, anameza dawa ya mseto, analala. Ukiwa kwenye kabimazoli, mazoea hayo yanaweza kukuua.

Kwa hiyo: ukipata homa au koo likaanza kuuma, acha kumeza kabimazoli siku hiyo hiyo, nenda hospitali yenye maabara, na sema maneno haya: "Natumia kabimazoli, naomba picha kamili ya damu leo." Malaria ipimwe pia, kwa sababu ugonjwa mmoja hauzuii mwingine. Chembe nyeupe zikiwa sawa, daktari atakuambia urudie dawa. Zikiwa zimeshuka, utalazwa na kupewa viuavijasumu vya mshipa, na kabimazoli hutaigusa tena maishani.

Mimi yalinipata wiki ya tano. Homa ilianza saa mbili usiku. Mume wangu alikuwa ameshashika pesa ya dawa ya mseto, nikamwonyesha ukurasa wa mbele wa daftari, nilipoandika kwa kalamu nyekundu. Tukapanda bodaboda. Chembe nyeupe zilikuwa sawa, na malaria ilionekana. Nilikuwa na malaria kweli. Sijajutia nauli ile hata siku moja, na homa iliyofuata nilikwenda tena.

Macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au tumbo likiuma upande wa kulia juu, acha dawa na uende vilevile, hilo ni ini. Kuwashwa ngozi bila hayo ni jambo jepesi zaidi. Mwambie daktari na uendelee.

Damu hupimwa tena kila wiki nne hadi sita mwanzoni. Usivunjike moyo TSH ikibaki chini wakati T4 imeshakuwa sawa, kwa sababu huchelewa kuamka kwa wiki na hata miezi. Daftari nalo litakuonya upande wa pili. Mwezi wa tano wa matibabu mapigo yangu yalishuka hadi 58, choo kikawa kigumu, uzito ukapanda kilo tano, na nilikwenda kazini na sweta mwezi wa Septemba, joto la Kigoma likiwa kileleni. Dozi ilikuwa imezidi, tezi imebanwa mno. Daktari aliipunguza, nikarudi sawa.

Ukijisikia mzima, usiache. Matibabu huchukua miezi 12 hadi 18. Hata ukimaliza yote, karibu nusu ya wagonjwa hurudiwa, wengi wao ndani ya mwaka wa kwanza, kwa hiyo hesabu ya alfajiri inaendelea. Hesabu na vidonge pia: vikibaki vya wiki mbili, anza kutafuta vingine. Kuna wakati famasi zote za mjini hazina, na kifurushi cha basi kutoka Mwanza au Dar es Salaam kinahitaji siku zake.

Hatua ya tano: macho

Katika wagonjwa wanne, mmoja hivi macho yake huguswa. Kingamwili zile zile hushambulia nyama na mafuta yaliyo nyuma ya jicho, yakavimba, jicho likasukumwa mbele. Huanza kama mchanga machoni, machozi kwenye upepo, mwanga kuumiza. Watu watakuambia unakodoa. Mtoto mmoja sokoni aliniuliza kama nimeogopa.

Vaa miwani ya jua barabarani, hasa kwenye vumbi. Inua kichwa kwa mito miwili ukilala, uvimbe wa asubuhi utapungua. Omba matone ya kulainisha macho, na kama kope hazifungi usiku, marhamu ya kulalia. Usinunue matone yoyote ya dukani bila kuuliza, mengine yana dawa zinazoweza kuharibu jicho zaidi.

Na sigara. Kama unavuta, hili ndilo jambo moja lililo mikononi mwako kabisa. Uvutaji huongeza uwezekano wa macho kuguswa, huyafanya yawe mabaya zaidi, na hupunguza nguvu ya matibabu. Naandika haya nikijua kwamba jirani zetu wa Urambo na Kaliua wanaishi kwa tumbaku, na nusu ya ukoo wa mama yangu wako huko. Kuilima ni riziki yao, sitalisemea hilo. Kuivuta ukiwa na Graves ni kuyatoa macho yako. Moshi wa anayevuta kando yako chumbani nao uukatae.

Ukianza kuona vitu viwili viwili, rangi zikififia, jicho likiuma ndani au likishindwa kufunga, usisubiri tarehe ya kliniki. Mshipa wa kuonea unaweza kuwa unabanwa, na kuna dawa ambazo zikiwahi huokoa.

Hatua ya sita: chakula, kwa ufupi

Hakuna chakula kinachotibu Graves. Bibi zetu wa milimani Kasulu na Kibondo waliyajua marovu, yale yaliyotokana na ukosefu wa madini joto kabla chumvi haijaanza kuwekewa. Hilo lilikuwa tatizo la tezi yenye njaa. Lako ni la tezi inayosukumwa. Mtu atakayekushauri uongeze madini joto anakuchanganya na bibi.

Chumvi ya kawaida, ya Uvinza au ya pwani, kula kama wengine. Usiikimbie, familia inaihitaji, hasa wajawazito na watoto. Cha kukwepa ni vidonge vya mwani na ule urojo wa mwani unaouzwa mitandaoni kama dawa ya kila kitu: kijiko kimoja kinaweza kubeba madini joto mengi kupita mahitaji ya siku nyingi. Dagaa na migebuka ya ziwani ina madini joto machache kuliko samaki wa bahari, kula bila hofu, na mifupa ya dagaa ina kalisi ambayo unaihitaji, kwa sababu homoni ikizidi hudhoofisha mifupa. Muhogo uliolowekwa na kuanikwa vizuri hauna neno. Kuna aliyeniambia nitafune muhogo mbichi na kabichi ili "kuibana" tezi. Usifanye hivyo, muhogo mbichi una sumu, na tezi haitabanwa.

Punguza kahawa mpaka mapigo yatulie.

Hatua ya saba: ujauzito

Usishike mimba tezi ikiwa inakimbia kama unaweza kusubiri. Inaongeza hatari ya mimba kutoka, mtoto kuzaliwa kabla ya wakati, na mama kupata presha. Pangeni na daktari, kwa sababu kabimazoli katika miezi mitatu ya kwanza inaweza kumdhuru mtoto, na kwa kipindi hicho hutumika dawa nyingine, PTU. Ukigundua umeshika mimba tayari unameza kabimazoli, usiache kimya kimya, nenda wiki hiyo hiyo. Kunyonyesha kunawezekana kwa dozi ndogo.

Na hata kama ulishafanyiwa upasuaji wa tezi zamani ukapona, mwambie mkunga. Kingamwili zinaweza kubaki kwenye damu yako, zikavuka kwenda kwa mtoto na kuisukuma tezi yake.

Hatua ya nane: dawa zikishindwa

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni madini joto yenye mionzi, ambayo hunywewa mara moja kama kidonge au maji. Tezi huyavuta kama inavyovuta madini joto yote, na mionzi huiunguza kutoka ndani, pole pole, kwa wiki hadi miezi. Dk. Saul Hertz alianza kuitumia Boston, Marekani, mwaka 1941. Kwa Tanzania hupatikana Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na hapa nataka kukutuliza: ukiona rufaa yako imeandikwa taasisi ya saratani, haina maana una saratani. Umepelekwa huko kwa sababu ndiko mionzi hiyo iliko. Haitolewi kwa mjamzito wala anayenyonyesha, mimba husubiri angalau miezi sita, na ukirudi nyumbani utakaa mbali na watoto wadogo kwa siku utakazoambiwa. Panga hilo kabla ya kupanda treni: mtoto wa kukalia mapaja yako atalala kwa nani? Kama macho yako yameguswa, sema, kwa sababu njia hii inaweza kuyazidisha.

Ya pili ni upasuaji, katika hospitali kubwa kama Bugando au Muhimbili, hasa tezi ikiwa kubwa mno au macho yakiwa mabaya. Muulize daktari mpasuaji ameshapasua tezi ngapi. Karibu yake upo mshipa wa sauti, na tezi nyingine ndogo nne zinazolinda kalisi, na mkono uliozoea huwa na madhara machache zaidi.

Baada ya njia yoyote kati ya hizi, wengi hubaki bila homoni ya kutosha na humeza levothairoksini kila siku maisha yote. Imezwe alfajiri kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Vidonge vya damu au kalisi visubiri muda wa saa nne baada yake.

Usiku wa hatari

Mgonjwa ambaye hajatibiwa, au aliyeacha dawa, akipata maambukizi makali, ajali, uchungu wa kujifungua au upasuaji, tezi inaweza kulipuka: homa kali, mapigo juu ya 140, kutapika, kuhara, kuweweseka, kupoteza fahamu. Ukiangalia kwa haraka ni malaria kali iliyopanda kichwani, na hapa kwetu ndivyo atakavyopokelewa mgonjwa asiyeweza kujisemea. Lazima awepo wa kumsemea.

Kwa hiyo jalada la ndani la daftari langu lina mistari mitano, kwa herufi kubwa na kalamu nyekundu: Nina ugonjwa wa Graves. Natumia kabimazoli, miligramu kadhaa, tangu tarehe fulani. Nikiwa na homa, nipimwe picha kamili ya damu. Nikiwa sijitambui, mwambieni daktari neno tezi kabla ya neno malaria. Namba ya simu ya mume wangu, na ya dada yangu aliyeko Ujiji.

Linakaa juu ya kabati la vyombo, kando ya dumu la mawese. Hata yule mtoto wa miaka sita, ambaye sasa ana tisa, anajua lilipo na anafikia.